Tulivunjika Kikuubo, Tukajifunza Kuomba

 

Mwezi huu tumeombwa tuandike juu ya maombi. Kusema kweli tuliogopa kidogo, sababu sisi siyo wachungaji. Sisi ni walimu wa kujitolea tu, masomo yetu yaliishia sekondari, na mara nyingi jioni tunaomba huku usingizi unatushika, kama ninyi. Lakini kuna jambo lilitupata Kampala, mahali panaitwa Kikuubo. Wengi mmelisikia kwa midomo ya watu. Wengine wameliongezea chumvi, wengine wameficha nusu. Leo tunalisimulia sisi wenyewe, na tunaeleza lilitufundisha nini.

KIKUUBO NI WAPI?

Kwa wale ambao hawajafika: Kikuubo ni katikati ya Kampala, chini kule karibu na stendi ya zamani ya taxi na stendi za mabasi. Neno lenyewe ni la Kiganda, maana yake ni kichochoro, njia nyembamba ya kupita kati ya nyumba na nyumba. Na kweli ni kichochoro. Lakini katika kichochoro hicho inapita sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia, biskuti, kiberiti, madaftari, kalamu, ndoo na kila kitu ambacho mwenye duka huko vijijini anauza kimoja kimoja. Hapo wanauza kwa jumla. Wafanyabiashara wanatoka pande zote za Uganda, wanatoka Sudan Kusini, wanatoka kwetu Kongo. Ile sabuni mliyonunua jana kwenye kibanda hapa kambini, usishangae ukiambiwa ilipitia Kikuubo.

Ukiingia pale, usisimame. Wabeba mizigo wanakuja mbio, kila mmoja ana gunia au maboksi kichwani, wanapiga kelele upishe. Ukizubaa unasukumwa. Gari la mizigo linarudi nyuma, mkokoteni unakuja mbele, muuza maji anapita katikati, mwenye kipaza sauti anahubiri kwenye kona. Mvua kubwa ikinyesha ni shida nyingine, sababu mfereji wa Nakivubo uko karibu, na maji yakijaa yanatafuta milango ya maduka. Hapo ndipo tulikwenda.

SIKU ILE

Mnakumbuka kwamba wazazi walikubaliana kuchanga shilingi 2,000 kwa kila mtoto. Watoto walikuwa 320. Jumla ilikuwa shilingi 640,000. Kamati ya wazazi ikatutuma sisi walimu watatu twende tununue kwa jumla, ili kila mtoto apate madaftari matatu na kalamu, na chaki za kutosha muhula mzima. Nauli ya basi tuliiweka kando.

Hatutaki kusema pesa ile ilikuwa ndogo. Tunajua ilivyopatikana. Kuna mama aliuza kuku wake wa mwisho. Kuna baba alilima shamba la mtu siku mbili. Posho imepungua miaka hii, kila mtu anajua, na shilingi 2,000 ni chakula.

Tulisafiri usiku, tukafika asubuhi na mapema. Tuligawanya pesa kama tulivyoshauriwa: 400,000 kwenye mkoba, 240,000 mwenzetu wa kike alizifunga kiunoni ndani ya kitenge. Tukaingia Kikuubo. Tulikuwa hatujamaliza hata dakika kumi. Mbeba gunia alitusukuma, tukabanwa ukutani, tukatoka upande wa pili tukicheka. Mmoja wetu akashika mkoba kutafuta karatasi ya hesabu. Mkono ukatokea chini. Mkoba ulikuwa umechanwa kwa wembe, mstari mmoja safi kabisa. Zile 400,000 hazikuwepo.

Tukabaki midomo wazi. Watu walikuwa wanapita kama kawaida. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba madaftari ya watoto yamekwenda.

Hapa tunaomba tuseme ukweli, hata kama unatutia aibu. Hatukuomba. Sisi tunaofundisha watoto kuomba asubuhi kabla ya somo, jambo la kwanza tulilofanya ni kulaumiana. “Nilikuambia ushike mbele!” “Wewe ndiye uliyesema tupite huku!” Tulipaza sauti, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, katikati ya watu. Halafu mmoja wetu akasema neno baya kuliko yote. Akasema kwa sauti ya chini: “Tukirudi tuseme bei zimepanda.”

Tukanyamaza. Na kunyamaza kwetu kulikuwa kama kukubali.

MAMA WA VITENGE

Palikuwa na mama mmoja anatembeza vitenge, amevipanga begani na mkononi. Kampala wako wamama wengi wa Kongo wanaoishi kwa kazi hiyo, wanatembea kutwa nzima. Alituangalia, akakaribia.

“Wanangu, munatoka wapi? Mbona munagombana njiani?”

Kusikia Kiswahili cha kwetu, mwenzetu wa kike akaanza kulia. Tukamweleza. Mama akatuvuta hadi kwenye ngazi za jengo moja, mahali ambapo mtu anaweza kusimama bila kusukumwa. Tulifikiri atatupeleka polisi, au atatuambia anamjua mwizi. Akaweka vitenge vyake chini kwenye ngazi, akasema, “Tuombe kwanza.”

Maombi yake yalikuwa mafupi. Hakupiga kelele. Alimwambia Mungu kwamba watoto hawa wamevunjika, na kwamba yeye mwenyewe anajua kuvunjika ni nini, sababu alitoka kwao bila hata kiatu. Alimwomba Mungu asituache tugombane. Aliomba tusiseme uongo. Akamwombea na yule aliyechukua pesa, kwamba zisimwingize katika ubaya zaidi. Akasema Amina.

Tulikuwa tunangoja aombe pesa zirudi. Hakuomba. Tukamwuliza, “Mama, mbona hukuomba zile pesa?”

Akacheka kidogo. “Mungu anaweza. Lakini ninyi mulikuwa munapotea kuliko pesa. Sasa muende munune na hizo zilizobaki. Halafu murudi museme kweli.”

Tulitaka kumpa kitu kidogo, walau ya soda. Alikataa. Alisema maombi siyo kitenge, hayauzwi. Akabeba vitu vyake, akaingia tena kwenye kelele. Hatukuuliza jina lake, na jambo hilo linatuuma mpaka leo.

Hakuna mwujiza wa pesa katika habari hii. Anayengoja tuseme kwamba tuligeuka tukakuta bahasha chini, atusamehe. Tulinunua dazeni 27 za madaftari kwa shilingi 7,000 kila dazeni, yaani 189,000, na zile 51,000 zilizobaki tukanunua kalamu na chaki. Daftari moja kwa kila mtoto badala ya matatu.

MAJINA TULIYOYAKUTA NJIANI

Kabla hajaondoka, yule mama alitunyoshea kidole barabara iliyo karibu na pale, akatuuliza kama tunajua ni ya nani. Hatukujua. Ni barabara ya Luwum. Tuliporudi tulitafuta kusoma, na tukaona aibu kwamba tulipita pale bila kujua.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Kabla ya kuwa askofu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ndiyo, mwalimu kama sisi. Mwezi wa Januari 1948 alimpokea Bwana kupitia wapendwa wa uamsho, wale wanaoitwa Balokole. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha theolojia cha Buwalasi. Mwaka 1969 akawa Askofu wa Uganda ya Kaskazini, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Angalieni hapo: Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo yetu. Nusu ya sisi tunaosoma gazeti hili, wazee wetu walikuwa chini ya mchungaji huyo.

Zile zilikuwa siku za Idi Amin. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia kwa kuwapa siku 90, maduka yakakosa wenyewe, sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kutafuta kwa taabu. Watu walikuwa wanachukuliwa usiku na hawarudi. Luwum hakukaa nyumbani akiomba tu. Alikuwa anakwenda kwa wakubwa kuuliza habari za waliokamatwa. Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake usiku wakitafuta silaha. Baada ya hapo yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kulalamika juu ya mauaji. Tarehe 16 Februari 1977 waliitwa mbele ya umati wa askari Kampala. Wengine waliruhusiwa kwenda, yeye akabakizwa. Aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Namirembe, kile kilima unachokiona kutoka mjini, waumini walichimba kaburi, lakini mwili haukuletwa. Maelfu walikusanyika hata hivyo, wakaimba mbele ya kaburi tupu. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda.

Halafu kuna soko la Owino, jirani kabisa. Jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mtumishi mkubwa katika nyumba ya Kabaka Mwanga, kijana wa miaka kama 25, umri wetu. Alimkaripia mfalme kwa kuamuru kuuawa kwa Askofu James Hannington. Kwa hiyo naye akauawa, tarehe 15 Novemba 1885, hapo hapo pande za Nakivubo. Kabla ya kufa alituma neno kwa Kabaka kwamba amemsamehe, na kwamba atubu. Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu mwaka 1964, pamoja na mashahidi wenzake.

Kwa hiyo Kikuubo, na wembe wake na kelele zake, imekaa katikati ya majina ya watu wawili waliovunjwa na wenye nguvu, na hawakuacha kuomba. Tunapita pale tukitafuta bei nafuu ya sabuni. Wao walilipa bei nyingine.

ASKOFU ALIYEKUWA MKIMBIZI

Mmoja wa waliokuwa pamoja na Luwum siku ile alikuwa Askofu Festo Kivengere wa Kigezi. Yeye pia alikuwa mwalimu zamani. Alifundisha hata Dodoma, Tanganyika. Baada ya kifo cha Luwum aliambiwa kwamba anatafutwa. Yeye na mke wake Mera wakatoroka usiku, wakapanda milima kwa miguu mpaka wakavuka kuingia Rwanda. Askofu akawa mkimbizi.

Wapendwa, sisi tunajua usiku wa namna hiyo. Tunajua vile mtu anatembea akisikiliza nyuma. Na tunajua kinachoingia moyoni baada ya kuvuka: uchungu. Unaota habari za yule aliyekufukuza. Unataka alipwe.

Kivengere mwenyewe alieleza kwamba uchungu ulimshika. Ijumaa Kuu ya mwaka 1977 alikuwa kanisani London, na alipokuwa anasikia habari za Yesu kuwaombea waliomsulubisha, aliguswa. Akajiuliza kama Yesu angeacha jina la Amin nje ya maombi yale. Akaona kwamba hapana. Akaanza kumwombea Amin na kumsamehe. Mwaka huo huo aliandika kitabu chenye jina ambalo liliwashtua watu, I Love Idi Amin, yaani nampenda Idi Amin. Hakusema kwamba mauaji yalikuwa mema. Hakunyamaza juu ya ubaya. Lakini alikataa chuki iwe ndiyo nyumba yake mpya. Amin alipoanguka mwaka 1979, Kivengere alirudi akafanya kazi ya kuwapatanisha watu mpaka alipofariki mwaka 1988.

Wapendwa hawa wa uamsho walipenda sana kusema juu ya kuvunjika. Kwao kuvunjika siyo tu kupatwa na mabaya. Ni pia kukubali kosa lako mbele ya mwenzako, kuacha kujitetea, na kutembea katika nuru. Mtu akiungama, wenzake wanamwimbia Tukutendereza. Wazee wengi hapa kambini wanaujua wimbo huo kwa Kiganda, hata kama Kiganda kingine hawakijui.

NEHEMIA ALIKUWA MBALI NA KWAO

Tuliporudi tulisoma kitabu cha Nehemia, na tunaomba kila familia isome sura ya kwanza na ya pili. Nehemia alikuwa uhamishoni. Alikuwa na kazi nzuri kwa mfalme, kupita kazi zetu zote. Siku moja ndugu zake walifika kutoka Yerusalemu, akawauliza habari za nyumbani, kama sisi tunavyowauliza wanaofika na lori jipya. Wakamwambia kuta zimebomoka na malango yameungua moto.

Nehemia alifanya nini? Alikaa chini akalia. Alifunga na kuomba. Katika maombi yake aliungama dhambi, na alijiweka ndani yake yeye na nyumba ya baba yake. Hakusema “wale ndio walioharibu.” Kutoka siku aliposikia habari mpaka siku aliposimama mbele ya mfalme ni kama miezi minne. Miezi minne ya kuomba jambo moja!

Halafu mfalme akamwuliza anataka nini. Hapo hapo, kabla ya kujibu, Nehemia akamwomba Mungu. Hakupiga magoti, hakufumba macho, maana alikuwa mbele ya mfalme. Ni maombi ya nafasi ya kuvuta pumzi tu. Halafu akajibu, na jibu lake lilikuwa limepangwa: alitaka ruhusa, alitaka barua za kupita mipakani, alitaka mbao. Ndugu msomaji, anayeomba barua za kupita mipakani anajua maisha yetu!

Tumejifunza vitu viwili hapo. Kwanza, maombi marefu ya nyumbani ndiyo yanayozaa maombi mafupi ya njiani. Sisi Kikuubo hatukuwa na neno mdomoni sababu siku nyingi tulikuwa tunaomba kwa mazoea. Pili, Nehemia alianza kwa kulia juu ya ukuta, akamaliza ametumwa kuujenga. Pale palipovunjika ndipo alipopata kazi yake.

TULIPORUDI

Tulifika kambini jioni. Kamati ilikuwa imekaa chini ya mwembe. Tulikuwa tumekubaliana kwenye basi kwamba tutasema kila kitu, hata lile neno la “bei zimepanda.” Tulisema. Tukauonyesha mkoba ule uliochanwa. Tukaweka mezani daftari moja moja.

Isingekuwa kweli kuandika kwamba wote walitukumbatia. Baba mmoja alisimama akasema, “Walimu, sisi hatuna pesa ya kuchezea.” Alikuwa na haki. Mwingine aliuliza kama siyo sisi wenyewe tuliochana mkoba. Hilo liliuma. Tulitaka kujitetea, lakini tukakumbuka ngazi za Kikuubo, tukanyamaza.

Halafu bibi mmoja, anayekaa karibu na kisima, akauliza: “Mliomba?”

Tukasema, “Hapana, bibi. Tuligombana. Tuliombewa.”

Akasema, “Basi tuwaombee tena, halafu tupange namna ya kulipa.” Angalieni alivyoweka yote mawili, maombi na malipo. Hakusema tuombe halafu tusahau. Hakusema tulipe halafu ndiyo tutasameheana.

Tuliomba pale. Tukapanga kwamba kila Jumamosi tutafyatua matofali tuuze. Mpaka tunaandika makala hii tumerudisha shilingi 170,000. Bado 230,000. Vijana wawili ambao hawakupoteza hata shilingi wanakuja kutusaidia kukanyaga udongo. Na yule baba aliyekasirika alitukopesha kalibu yake ya matofali. Bado hajatusalimia vizuri, lakini kalibu ametoa. Tunamshukuru Mungu kwa kalibu.

JE, TUMEITWA KWELI?

Kuna swali lilibaki. Kikuubo tulimwona mbeba mizigo akilipwa, na tukapiga hesabu: siku chache za mgongo wake zinapita kile tunachopewa kwa mwezi. Usiku wa safari mmoja wetu alisema wazi kwamba amechoka na chaki. Tulimwombea. Tulifikiri maombi yatamrudisha darasani. Baada ya wiki sita alituaga akaenda Kampala kutafuta maisha. Ana mama mgonjwa na wadogo wanne. Hatumhukumu. Pengine wito wake kwa sasa ni wadogo wale wanne. Tunamtaja katika maombi kila Jumatatu, na yeye hututumia ujumbe.

Sisi tuliobaki hatukuona maono. Tulichoona ni mtoto mmoja wa darasa la tatu aliyeandika kwenye daftari lake moja kwa herufi ndogo sana, ili lisiishe mapema. Tuliomba mbele ya daftari lile, na tukajua tunabaki.

Lakini tuseme neno la tahadhari. Siyo kila anayesema ameitwa, ameitwa na Mungu. Tarehe 17 Machi 2000 huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliungua ndani ya jengo la ibada la kundi lililodai kutumwa na mbingu. Mwaka 2023 huko Shakahola, pwani ya Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wakiwa watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa. Wito wa kweli haukimbii kuulizwa. Hauwanyimi watoto chakula wala dawa. Hautozi pesa kwa maombi. Ukisikia wito, upeleke mbele ya wazee, mchungaji wako na familia yako, mpime pamoja, bila haraka.

NYUMBANI KWENU

Wapendwa, kila nyumba ya kambi hii ina kitu kilichovunjika. Kwa wengine ni ndoa, kwa wengine ni ndugu aliyebaki nyuma, kwa wengine ni faili la kuhamishwa ambalo halijibiwi. Zaburi ya 51 inatufundisha kwamba mtu anaweza kuja mbele za Mungu moyo wake ukiwa vipande vipande, na asifukuzwe. Basi mwezi huu tunaomba kila familia ijaribu mambo haya jioni kabla ya kulala:

1. Kila mtu aseme kitu kimoja kilichovunjika, hata mtoto. Msimkatishe, msimcheke.

2. Kama kuna aliyemkosea mwenzake siku hiyo, aseme kabla ya kuomba. Wazazi waanze.

3. Mwombeeni mtu mmoja aliyewaumiza. Kama mdomo unakataa, tajeni jina lake tu mnyamaze. Mungu anaelewa.

4. Ulizaneni: kesho kuna kazi gani ndogo ambayo Mungu anatupa juu ya jambo hili tuliloliomba?

Jumamosi tuko kwenye matofali, nyuma ya shule, kuanzia saa mbili asubuhi. Anayetaka kukanyaga udongo na sisi, karibu. Tunaanza kwa maombi mafupi, na safari hii tunaanza nayo kabla ya jambo lolote.

Na kama kuna msomaji anayekwenda Kikuubo, ashike mkoba mbele. Akimwona mama wa Kongo amebeba vitenge begani, anayesimama kuwauliza vijana wanaogombana wanatoka wapi, amsalimie sana. Amwambie watoto wote 320 walipata daftari, na kwamba tulisema kweli.

Mungu awabariki wote.